Inchi Mbili

Kashindye hafungui boneti kabla hajalizunguka gari,
mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.
Anabonyeza kona ya bampa, anaiachia, anahesabu:
moja, mbili, tatu, bado inanesa.
"Dada Nyamizi, hili halibebi. Hili linabembeleza."

Gereji yake iko Isevya, nyuma ya stoo ya mahindi.
Haina kibao. Ina shimo moja la zege, redio isiyozimwa,
na kijana Mhoja anayelala shimoni hata pasipo na gari.

Nimekuja kumwaga oili. Kila kilomita elfu tano,
si sita, si "wiki ijayo nikirudi kutoka Ipole".
Inatoka nyeusi, nyepesi, ya moto.
Mhoja anaisugua kati ya vidole viwili, ananusa,
vile ninavyonusa mimi asali ya mtu nisiyemjua
nijue kama ameitia maji au ameirina kwa moshi mwingi.
Hatuambiani kitu. Ndizo kazi zetu.

Kisha boksi la hewa. Klipu nne.
Kashindye anacheka hadi anakaa chini.
Nyuki. Wakavu, wamejipanga kwenye mikunjo ya filta
kama punje gunzini, juu ya vumbi jekundu
la vijiji vyote vya Sikonge.
"Mzigo umeuweka nyuma," anasema,
"wenyewe wamekufuata mbele."

Na mimi miezi miwili nailaumu dizeli,
naulaumu mlima ambao Tabora hatuna,
nasema gari limezeeka,
kama watu wanavyosema juu yangu.

Sasa ananitajia mapambo. Kila fundi ana ndoto zake:
bomba la kuvutia hewa mpaka paani,
taa kumi na mbili juu ya keria, ekzosi ya kunguruma,
kidude cha kuidanganya kompyuta imwage dizeli zaidi.
"Utawapita wanunuzi wote wa Kaliua!"
Nikiwapita, nawahi wapi?
Asali haiozi.

Tukakubaliana kwa kalamu, nyuma ya risiti:
springi nzito za nyuma, za kuinua inchi mbili;
shokapu nne za gesi, si zile nilizonunua kwa ubahili;
rejeta ya shaba;
mkanda wa taimingi, ambao haukudai chochote,
lakini ule hauna tabia ya kudai. Hukatika.
Bei akaiandika ndogo, kama mtu anayenong'ona.
Nikalipa fedha, na dumu moja la asali ya mtundu.

Sikumwambia kwa nini inchi mbili.

Mwaka juzi, kwenye korongo kupita Ipole,
springi zilishuka hadi chuma kikagonga chuma
na ndoo sita zikaachia vifuniko kwa pamoja.
Lita mia na ishirini. Asali ya wanawake wanane,
niliyoichukua kwa neno langu tu.
Ikateremka chini ya viti, ikapata upenyo wa mlango,
haina haraka, inang'aa,
nami nimekaa kwenye usukani naisikiliza
ikidondoka barabarani.
Siafu walifika kabla ya msaada.
Nililipa misimu miwili. Mpaka leo, jua likiwa kali,
mkanda wa kiti cha nyuma unanata.

Jumatatu nikapita palepale, ndoo kumi na nne.
Nikashusha gia. Nikabana pumzi.
Korongo likaja, likapita chini yetu,
na nyuma kitu kikasema "dm", mara moja,
kama mtu anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe.

Nilisimama hata hivyo. Nikafungua mlango wa nyuma,
nikagusa vifuniko kimoja kimoja.
Vikavu.

Nikaandika kwenye daftari: tarehe, kilomita,
oili mpya, filta mpya, joto katikati,
na pembeni: kumuuliza Kashindye habari ya wavu
mbele ya boksi la hewa.
Maana injini bado inaunguruma
na nyuki wawili wameshatua kwenye boneti,
wanakagua.