Doa Jekundu

Lowesha mikono kwanza.
Mkono mkavu humbandua samaki utando wake,
na samaki bila utando ni nyumba bila mlango:
kila uchafu hupiga hodi, wala haungoji karibu.

Ndivyo ninavyomwambia Gašper, miaka kumi na moja,
buti za kaka yake zimemfika mapajani,
kibali cha siku amekikunja ndani ya kofia.
Mto Soča unatupita magotini, kijani cha chupa,
baridi ya kukata kauli.

Kanuni zetu hazijazi hata ukurasa.
Ndoana moja, isiyo na jino la kinyume.
Nzi wa nyuzi na manyoya, si funza.
Vuli ikikaribia kwisha mto unafungwa,
majike wanafukua changarawe watandike mayai,
nasi hatutii mguu.
Trauti wa marumaru arudi majini, mkubwa kwa mdogo,
hata akiwa na urefu wa mkono wangu,
hata kama mgeni amepanda ndege mbili kumfuata.
Mwenye doa jekundu, chukua.

Hapo ndipo sauti yangu hukwama.

Kwa maana mwenye doa jekundu hakuiba kitu.
Mababu zake waliletwa kwa treni, ndani ya mapipa,
na watu wenye nia njema na njaa ya kweli,
wakamwagwa darajani kama maji ya kufulia.
Hakuna aliyewauliza. Waliukuta mto, wakaoa, wakaolewa,
na leo ubavuni mwa wajukuu,
katikati ya michirizi ya marumaru,
tone moja, matone mawili, kama lakiri ya barua.

Nami ni Emira, binti wa Nusret wa Bihać
aliyekuja kubeba saruji kiwandani,
na wa Marjanca, wa bonde hili hili.
Shuleni waliniita Nusu.
Nusu ya nini, hawakumaliza kusema.
Sasa mimi ndiye mlinzi wa mto, nina beji na rula ya shaba,
na mshahara wangu ni kusoma damu ya samaki kwa macho.
Mkutanoni Ludvik, mtunza hazina, alisema,
"Emira hahitaji darubini, anawajua ndugu zake."
Ukumbi ukacheka. Nilicheka pia,
kisha nikatoka nje kuhesabu magari.

Lakini nimepanda hadi kijito cha juu,
nyuma ya maporomoko ambayo doa jekundu halijayaruka.
Wamebaki mia tatu, pengine pungufu,
dimbwi kwa dimbwi, chini ya mlima unaomeguka.
Mvua moja ya usiku mmoja, basi.
Mimi nina Bihać, nina Tolmin,
nina shangazi Gothenburg anayenitumia soksi.
Wao wana kijito chenye upana wa meza mbili.
Najiambia sheria haipimi damu, inahesabu madimbwi.
Kuna usiku ninajiamini.

"Emira! Emira!"
Fimbo imepinda. Gašper amesahau kupumua.
Tunamleta polepole hadi kwenye maji tulivu,
mikono imelowa, tumbo lake juu ya viganja vyangu,
mzito kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi, ila baridi.
Marumaru, marumaru, marumaru hadi mkiani,
na karibu na pezi, kitu.
Ninamgeuza kidogo. Wingu linapita, kinafifia.
Linaondoka, kinarudi. Au ni mwanga tu?
"Ni yeye au si yeye?" anauliza Gašper.
Mashavu ya samaki yanafunguka, yanafumba.
Ukiwa na shaka, kanuni ya mwisho inasema, achia.
Ninaachia.

Ukingoni anajaza fomu, ulimi nje, kalamu ya risasi butu.
Safu ya aina tunairuka.
"Urefu thelathini na nane," anasema, kisha anainua kichwa.
"Na nusu. Niandike nusu?"
"Iandike," ninamwambia.
"Nusu nayo ni urefu."