Saa Tisa

Lali, mtoto wa dada yangu, aliinamia simu
akasema: Mama mkubwa, toka Manda hadi Glasgo
ni kilomita elfu saba mia sita na ushei.
Ndege ikinyooka bila kutua, saa tisa.

Nami nikasikia saa tisa,
saa tisa ya mchana, adhana ya alasiri i karibu,
punda wa Langoni wanarudi na mawe ya kujengea.
Nikasema, kumbe si mbali.
Nikiinjika chai atakuwa amefika.

Tulivuka kwa boti ya injini, dakika kumi,
Nuswaiba kakumbatia begi kama mtoto mwenye homa.
Uwanjani mizani ilisema kilo kumi na saba;
ruhusa ni kumi na tano.
Kijana wa mizani hakutazama nyuso, alitazama mshale.
Tukafungua zipu mbele za watu.
Koti la mtumba halikuguswa: baridi haina mjadala.
Ikatoka chupa ya achari ya ndimu,
niliyoianika juani siku arobaini.
Nikaipokea. Ilikuwa na uvuguvugu wa nguo zake.

Toka mizani hadi mlango wa kuondokea
ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu,
maana mimi ni mtu wa kuhesabu:
nashona kofia za vito, tundu kwa tundu,
na tundu moja likienda upande
kofia nzima huchekwa msikitini.

Ndege ilikuwa ndogo. Ilipiga kelele kuliko umbo lake.

Nilirudi na achari, nikakaa na sindano.
Saa tisa ikapita. Kumi. Magharibi.
Lali akacheka, kisha akaniona uso, akaacha:
Saa tisa za kuhesabu, mama, si saa tisa ya ukutani.
Tena hizo ni za ndege isiyotua.
Yake itatua Nairobi, itatua Doha,
atasinzia kwenye viti vya chuma akilinda begi.
Ramani huchora mstari;
abiria hupewa kona.

Nilimaliza safu nne za vito, nikafumua moja.
Usiku ukaja, asubuhi ikaja na vyombo vyake,
usiku mwingine.

Saa nne simu ikatetemeka juu ya kitambaa.
Picha: dirisha, taa ya njano, giza,
mvua inayonyesha kwa upande.
Na maneno: Mama nimefika salama. Huku ni saa saba.

Saba?
Lali aliniandikia karatasi, nimeibandika kabatini:
ya kwetu, toa tatu. Nne toa tatu ni moja.
Huko ni saa moja, magharibi imeshaswaliwa.
Hamna saba humo, hata ukiigeuza karatasi.

Kisha nikaelewa.
Mwanangu, niliyemfundisha kwamba moja
ni pale jua linapochomoza, na tena linapozama,
amehesabu kama wanavyohesabu wenyeji wake,
kuanzia usiku wa manane,
saa ambayo kwetu haianzi kitu.
Siku moja na ushei tu, na ulimi umeshatua.

Lali, kilomita zako ni sawa, sizibishi.
Lakini mimi nimeupima umbali huu
toka moja hadi saba.

Nikamwandikia: Alhamdulillahi. Umekula?
Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.
Nikaokota sindano.
Tundu lililofuata likaenda upande.