Balbu ya Gari la Tofu

Hamamatsu, mwezi wa Februari. Upepo mkavu
unagonga mabati ya karakana. Ndani
Bi Kurahashi amevaa glavu zilizokatwa vidole,
anapuliza moshi wa risasi usimwingie machoni.

Mezani visanduku viwili.
Kimoja kizito kama tofali, kijivu, kona zimechubuka,
swichi yake imefungwa kwa uzi wa kushonea.
Cha pili kipya, kinaenea kiganjani,
kijivu kilekile, na hata michubuko
wameichora kiwandani.

Mwenyewe ni Iwakiri, mpiga gitaa wa baa,
mtu wa kikohozi na haraka.
"Nichagulieni," alisema. "Kimoja nauza."

Akanifunga macho kwa skafu yake yenye harufu ya sigara,
akapiga noti moja, ya waya wa nne, akaiacha inyooke.
Kisanduku cha kwanza kikaizungusha
kama ulimi unaozungusha mchuzi kutafuta chumvi.
Cha pili nacho kikaizungusha. Vilevile. Kweli kabisa, vilevile.
Nikasema: hiki cha pili ndicho cha zamani.

Nilikosea.

Bi Kurahashi hakunicheka.
"Apige dakika kumi," alisema, "halafu useme."
Kufika ya sita nikaanza kuona haya.
Kile kipya kilikuwa askari wa zamu:
hatua arobaini, kona, hatua arobaini, kona.
Cha kale kilichelewa kidogo, kikawahi kidogo,
kikasahau, kikakumbuka.
Kosa la nakala hurudi lilelile kila mzunguko,
mwishowe si kosa tena, ni desturi.
Kosa la kale kila usiku lina kisa chake:
leo baridi, jana umeme wa baa ulishuka
mtu alipowasha friji.

Akafungua skrubu nne.
Katikati balbu moja, ndogo kama punje ya hindi,
na macho manne ya kupokea mwanga yameizunguka,
kila moja na uono wake, hakuna yanayolingana.
Umeme unapoiamuru iwake, inawaka kwa kujivuta.
Unapoiamuru izime, inasitasita
kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu
na bado amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo.
Hapo ndipo sauti inapopata mwili.
Hapo, kwenye kuchelewa.

Kisha akanyamaza. Akasogeza taa.
Chini ya kifuniko, kwa penseli, mwandiko wa kulalia kushoto:
*Machi 1981. Ya asili imekufa. Nimetia ya dashibodi.*

Mwandiko wa Shigezo, mumewe,
aliyeuza tofu alfajiri kwa gari dogo jeupe
na kulehemu redio za watu usiku.
Miezi miwili, alisema, aliendesha gari
bila kuuona mshale wa petroli gizani.
Mara mbili lilimzimikia njiani, ndoo za tofu zikipwaya nyuma.

Iwakiri akakohoa. "Basi wale mainjinia wa Osaka,
walioniazima hiki wiki tatu,
wakapima kila mtetemo kwa mashine zao…"
Hakumaliza. Sote tulikitazama kile kipya,
kilichoiga kwa uaminifu mkubwa,
hadi tarakimu ya nne baada ya nukta,
gari la tofu.

Ungedhani aliondoka na cha kale.
Alichukua kipya. Kodi ni kodi, alisema,
na mgongo wangu haubebi tena tofali.
Bi Kurahashi hakutaja bei. Alitoa bahasha
kwenye droo ya transista, akaisukuma mezani, haikuhesabiwa.

Usiku nilirudi kuchukua mwavuli.
Taa za karakana zimezimwa, gitaa hakuna,
waya haujachomekwa kokote ila ukutani.
Kifuniko kiko pembeni. Balbu inapumua peke yake,
na ukuta mzima, koleo, misumeno, kalenda ya mwaka jana,
unajitokeza, unazama, unajitokeza.

Ameketi mbele yake na chai iliyopoa.
"Sikia," alisema, wala hapakuwa na sauti.
"Anachelewa. Hata chakula cha jioni
alikuwa anachelewa hivihivi."