Kipaza Sauti cha Kukodi

Mselem Famau alikuja baada ya alasiri
akauliza bei kwa sauti ya mtu anayenunua sanda.
Elfu mbili, nikamwambia, na waya nitakuvutia mwenyewe.
Akahesabu noti, moja imeungwa kwa utepe,
ndipo akaniangalia:
"Nataka kumsema babako."

Babangu, ambaye kila usiku wa Ijumaa
Majengo nzima humrehemu
kwa ajili ya kisima.

Habari ikanitangulia nyumbani.
Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.
"Vyombo ni vyako," akasema, "ulimi ni wake,
lakini maiti ni wangu."
Fundi cherehani wa jirani akanipa shauri la bure:
mwambie stima zimepotea,
Mombasa giza halidaiwi shahidi.
Na vijana wa pale kona washajaza mifuko
kokoto za barabara mpya.

Alipoanza, maiki ikapiga unyende
nami nikautuliza. Si kwa kumpenda:
mlio mbaya ni aibu ya fundi.

Akasema kisima kimejengwa kwa pesa za mayatima.
Akalitaja jina kamili, mara tatu,
bila ya "marehemu".
Mkono wangu ulikuwa juu ya kidude cha sauti,
na moyo, sitaki kuongopa,
ulikuwa kwenye ule mguu wa chuma wa maiki
ukipima kichwa chake.

Nilikuwa na miaka tisa siku Bi Rukiya wa viazi karai
aliposimama uwanja huu huu
kuuliza saruji ilikwenda mifuko mingapi.
Babangu alinikonyeza.
Nikang'oa plagi.
Mdomo wake ukawa wafunguka, wafumba,
kama changu juu ya mbao za sokoni,
na watu wakacheka, nami nikacheka,
nikapewa shilingi kumi ya achari.

Sisemi Mselem ni mkweli.
Hayo ya mayatima naona ameyazua,
au ameyaokota kwa aliyeyazua.
Lakini vidole hivi naijua kazi yake.

Kokoto ya kwanza ilipogonga spika
nilisimama mbele yake. Ya spika, si ya Mselem,
ila tulikuwa kwenye mstari mmoja.
Nikawaambia: kesho ni zamu yangu kujibu,
nitalipa elfu mbili, kutoka mfuko huu kutia huu,
na mwenye jiwe akae nalo
mpaka limchoshe mkono.

Kisha nikapandisha sauti kidogo,
maana kule nyuma, karibu na duka la mkaa,
walikuwa hawasikii.

Dirisha la mama lilifungwa kwa kishindo.
Baadaye
likafunguka,
upana wa vidole viwili.