Karatasi ya Chujio

Kwanza anakata kipande:
upana sentimita moja, urefu sita,
uzito miligramu hamsini, si zaidi.
Anakisokota, anakisukuma ndani ya neli
kama noti ifungwavyo pindoni,
anamimina juu yake maji ya kuvu, rangi ya chai ya jana,
kisha anaketi kungoja saa nzima
katika joto la nyuzi hamsini.

Nje ni Januari. Mto Kymi umevaa barafu hadi shingoni.

Helka hana haraka. Kazi yake ni kuoza,
kuoza kwa mpango, kwa daftari na saa ya ukutani.
Mti mzima, hufikiri, ni sukari iliyokataa kuwa tamu:
chembe imeshika mkono wa chembe, maelfu kwa maelfu,
uzi umelala juu ya uzi, umebanana
hata maji hayapati pa kupenya.
Ndani ya neli kuna mlaji anayeuma katikati, pale uzi ulipolegea,
na mwingine ashikaye ncha asiiachie,
anatembea huku akitafuna, mbili, mbili, mbili.
Tena yupo mdogo wa kutenganisha hizo jozi.
Huyo akizembea, jozi hujaa,
na walaji hukabwa na shibe yao wenyewe.

Bandu bandu huisha gogo.
Ndiyo. Lakini gogo hili lina mwaka wa sita mezani.

Baba yake, Reijo, alikuwa mtu wa mashine namba nne.
Miaka thelathini na mmoja alilinda karatasi isikatike,
akiijua kwa sikio, akiamka usingizini
mlio wa ng'ambo ya mto ukibadilika.
Ute ukiota mabombani, ukungu ukigusa marobota,
alilaani kwa maneno ambayo mama
aliyafunika kwa kugonga sufuria.
"Kuvu ni mwizi," alisema. "Hubisha hodi akishaingia."

Kiwanda kilifungwa siku ya Jumanne.
Mashine ikafunguliwa bolti kwa bolti, ikauzwa ng'ambo.
Ghala la marobota likapakwa rangi nyeupe,
likaletewa majokofu, na Helka, na kuvu
anayelishwa kwa saa, kama mtoto mchanga.

"Kwa hiyo wanakulipa uharibu nilichotengeneza?"
Aliuliza mezani, samaki akipoa. Hakucheka.
"Wananilipa nihesabu," alijibu,
na jibu lile limemkaa kooni tangu siku hiyo
kama mwiba wa yule samaki.

Saa imetimia. Anatia dawa ya njano,
anachemsha dakika tano. Sukari ikiwa nyingi
njano huungua, huwa kahawia, huwa kutu.
Leo imekuwa rangi ya ganda la kitunguu.
Aina ya mia mbili na kumi na nne,
waliyoitumainia tangu kiangazi,
imechoka kabla ya karatasi.
Kipande kimelala chini ya neli, kimechakaa kingo,
bado kipande.
Anaandika namba. Anapiga mstari chini yake, mara moja.

Jioni anapita kwa baba. Anamchoma kidole,
tone la damu linapanda kwenye kijiti, kipimo kinalia.
"Ngapi?"
"Tisa nukta nne."
"Na yako ya leo?"
"Ndogo. Haba kabisa."
"Basi tungegawana," anasema mzee,
na mabega yanatikisika, ndicho kicheko chake.

Halafu anaona, mfukoni mwa koti la binti,
kipande kilichosalia, kikavu, hakijaguswa na kitu.
Anakiinua kwenye taa. Anakipitisha kati ya dole gumba na shahada,
polepole, macho amefumba,
kama zamani, mwisho wa zamu.

"Hii ni pamba, si msonobari.
Imebanwa na mtu anayejua kazi.
Usiwalaumu hao wadudu wako," anasema,
"kama inawashinda."

Wala si wadudu. Helka anaacha kumsahihisha.
Anakwenda jikoni kuchemsha maji,
na akirudi kipande hakipo mezani,
na mfuko wa shati la baba umefungwa kifungo.