Taarifa ya Nne

Theluji iliilemea misonobari ya Kainuu,
mmoja ukauangukia waya,
na nyumba mia nne na kumi zikafumba macho kwa pamoja.
Mimi niko Kajaani, chini ya taa inayowaka bila haya.
Kazi yangu ni kuandika sentensi.

Saa tisa alasiri: *Tunafahamu kuhusu hitilafu.*
Saa kumi na moja: *Mafundi wako njiani.*
Njia yenyewe ilikuwa imezibwa. Hilo sikuliandika.
Saa mbili usiku meneja, Rauno, akaniinamia begani:
"Waambie saa tano. Watu wanapenda saa."
Nikawaambia saa tano,
nikaongeza radhi kwa usumbufu,
radhi ile ile tunayoibandika popote, kama stempu.

Saa tano ikafika, ikavua viatu, ikalala.
Ahadi ni deni,
nami nilikuwa nimekopa kwa niaba ya nguzo.

Saa tano na dakika tatu, simu.
Ensio Kemppainen, miaka themanini na moja,
huko nyuma ya Ristijärvi, peke yake.
"Binti, hiyo saa tano yenu ni ya leo?"
Nikaanza kumsomea taarifa ya tatu.
"Hiyo ninayo," akanikatiza. "Haina joto.
Niambie moja tu. Kuni za ndani zimebaki nane.
Nyingine ziko bandani, hatua sitini, chini kuna barafu.
Niende sasa, tochi ingali na betri,
au nisiende?"

Swali hilo halimo kwenye fomu.

Nikamtafuta Jouni kwa redio.
Sauti yake ilitoka imejaa upepo:
"Kesho. Labda mchana.
Mti wa pili umeanguka nyuma yetu,
hata sisi hatutoki."

Nikarudi kwa mzee.
"Nenda ukazilete. Usiku huu umeme haurudi."
Kimya. Nikasubiri matusi.
"Haya," akasema. "Sasa najua usiku una urefu gani."
Akakata, kuokoa chaji.

Kisha nikaandika, bila kumuuliza Rauno:
*Umeme hautarudi usiku huu. Saa hatuijui.*
*Mafundi wetu wamefungiwa na miti, nao wanaona baridi.*
*Ingizeni kuni. Vya kwenye friza vizikeni thelujini,*
*wekeni jiwe juu, mbweha nao wana njaa.*
*Mwenye jirani anayeishi peke yake, amgongee.*

Rauno akasoma, akakuna shingo.
"Umesahau kuomba radhi."
"Isome tena," nikasema.
Hakuisoma tena. Hakuifuta pia.

Kwenye ramani, nyumba ya Ensio ni doti nyekundu.
Nimeikodolea macho mpaka asubuhi.
Nyekundu ni giza, kijani ni mwanga;
mfumo wetu hauna rangi
ya mtu aliyefika bandani
akarudi.