Kitanda Nambari Kumi na Nne

Saa tisa usiku, ghorofa ya tano, hospitali ya Barakaldo.
Kitanda kimegoma kikiwa bapa
na mzee Iñaxio Urkidi yu juu yake, mapafu yanakoroma,
ametegemezwa kwa mito minne na wauguzi wawili.
Mimi nimelala chali sakafuni, tochi mdomoni,
uso wangu chini ya mgongo wake.

"Fundi, kinaendeshwa kwa mafuta au kwa hewa?
Usinidanganye. Nimeendesha kreni
miaka thelathini na minane."

Mafuta, asema, hayana utani.
Yafungie ndani ya silinda, yasukume upande mwembamba,
upande mnene utanyanyua injini ya meli
taratibu, kama mfiwa anayeinuka kitini.
Hayakubali kubanwa, siri yake ndiyo hiyo.
Ila mpira ukichanika, sakafu nzima itakuchukia.

Hewa? Hewa ni kijana.
Hufika kabla hujamwita, hugonga, psss, amekwenda.
Anafaa milango ya basi, anafaa kusukuma chupa kiwandani.
Mwambie asimame katikati ya safari, uone
anavyoyumba, maana hewa hukunjika.

"Na gurudumu lenye nundu?" nauliza, tochi nimeitoa.
Anacheka mpaka anakohoa.
"Hilo ni mke wangu Maialen.
Linazunguka mahali pamoja kutwa nzima,
na kila nundu inapopita
kuna mtu lazima ainuke."

Nami nimeshakiona.
Si mafuta, si hewa. Ni parafujo
ndefu kama mkono wangu, mota ya kadiri ya ngumi,
na nati ya plastiki iliyonyimwa ruhusa ya kuzunguka.
Kunyimwa ndiyo kazi yake.
Parafujo inazunguka, nati haiwezi, basi inasafiri,
milimita nne kila mzunguko,
na mgongo wa mtu unasafiri nayo.
Hata umeme ukikatika haishuki:
uzito haujui njia ya kuirudisha.

Sasa hesi zimelika.
Naichomoa, nampa.
Anaigeuza chini ya taa, anaipapasa kwa ukucha wa gumba
kama anayesoma.
"Hiki kidude?"
"Hicho."

Nati mpya. Grisi kidogo. Nabonyeza.
Mlio wa nyuki ndani ya kopo.
Kitanda kinamkunja, nyuzi kumi, ishirini, arobaini,
mpaka swichi ya mwisho inasema basi,
kwani mbio za kitanda nazo huishia ukingoni,
naye anavuta pumzi inayofika chini kabisa.

Dirishani kuna mto, na ng'ambo yake kreni moja
waliyoiacha kwa ajili ya wapiga picha.
Haitazami. Anabonyeza:
juu kidogo, chini kidogo, juu.

"Kwenye fomu andika nati," asema.
"Usiandike mota.
Mota inasifiwa kila siku."

Nikaandika nati.